Mgeni wa Mradi Alale Wapi?

Hoja iliyoletwa mezani inasema hivi: mtaalamu wa kigeni anayekuja na mradi wilayani Ngara au Biharamulo asipange nyumba mtaani, akae katika kambi ya mwajiri wake. Wanaoiunga mkono ni wengi kuliko unavyodhani, wala si kwa sababu wanamchukia mgeni. Na wanaoipinga si wote wanaompenda.

Hoja yenyewe ni kongwe. Wajerumani walipoweka kituo chao Biharamulo walijijengea boma la kuta nene, na boma lile lipo hadi leo. Wamisionari waliofuata wakakaa Murgwanza na Rulenge, wakajifunza kusema na watu kwa lugha yao, wakajua nani ni mtoto wa nani. Kisha wakaja watu wa barabara, watu wa wakimbizi, watu wa dhahabu, watu wa umeme wa Rusumo, na sasa watu wa nikeli. Kila kundi lilifika na begi mkononi, likiuliza pa kulala.

Wasemaji wa mjadala huu nimewapanga mwenyewe, kwa hiyo asitokee mtu kudai ndiye yeye. Maneno yao ndiyo ya kweli: ukikaa siku mbili Ngara mjini, Kabanga, Benaco au Nyakanazi utayasikia, pengine kwa ukali zaidi.

MAMA MWENYE NYUMBA: Nianze mimi, kwa kuwa nyumba inayosemwa ni yangu. Nina apatimenti nne pale juu, njia ya Murgwanza. Ni jengo moja refu lililogawanywa sehemu nne. Kila mpangaji ana sebule yake, vyumba viwili, jiko, choo cha ndani na mita yake ya LUKU. Madirisha ya alumini, dari ya jipsamu, vigae hadi barazani. Nimekopa SACCOS, nimeuza kahawa ya misimu miwili, nimekata migomba ya marehemu mume wangu ili magari yapate pa kugeukia. Leo mnaniambia mgeni akae kambini? Basi nilimjengea nani? Na wewe Mwalimu usinune. Nakupenda kama mwanangu, lakini kodi yako ilikuwa inakuja vipande vipande, kila kipande na maelezo yake.

MWALIMU: Shikamoo, mama.

MAMA MWENYE NYUMBA: Marahaba, baba.

MWALIMU: Sijanuna. Ila wasikilizaji waelewe kwamba mimi nilikuwa mpangaji wako kabla ya vigae. Ile nyumba ya nyuma, yenye dari ya mbao, nilikuwa nakulipa elfu themanini kwa mwezi, na mara nyingi nimekutolea maji kisimani mwenyewe. Ulipoweka jipsamu na hita ya maji ya moto, ikawa laki mbili na nusu. Notisi ulinipa kwa adabu, siwezi kukusingizia. Lakini ilinikuta muhula katikati, nina mitihani ya kidato cha nne ya kusahihisha, nikawa natembea na dalali jioni kwa tochi ya simu. Niliishia chumba na sebule kule bondeni, ambako mvua ikinyesha bodaboda anakushusha njiani, unamalizia kwa miguu. Mshahara wangu unatoka Hazina. Hauongezeki kwa sababu kuna nikeli Bugarama.

Ndiyo maana nasema mgeni akae kambini. Mwajiri wake ana fedha za kumjengea. Mwajiri wangu hana nyumba za kututosha, na haoni haya kusema hana. Mkitushindanisha mimi na mtu anayelipiwa kodi na kampuni, hayo si mashindano.

DALALI: Kaka, usinitaje kwa ubaya. Mimi nakula jasho langu. Udalali ni kodi ya mwezi mmoja, iwe ya mwalimu au ya mhandisi. Lakini niseme ukweli wa soko. Mpangaji wetu wa hapa akishuka kwenye pikipiki, swali la kwanza ni bei. Bosi wa kigeni akishuka kwenye gari, hataji bei. Anauliza maji: yanatoka siku zote au kwa mgao? Tenki ni lita ngapi? Mtandao wa simu unashika chumbani au mpaka utoke nje? Geti lina mlinzi? Anafungua bomba la bafuni, anasubiri kuona kama maji yanakuja na rangi ya udongo. Anapiga picha swichi. Yote hayo mwenye nyumba anayaona, na akirudi ndani anaanza kupiga hesabu za tenki na mlinzi. Bei haipandishwi na dalali. Inapandishwa na maswali.

MWALIMU: Na wewe hupeleki maswali hayo kwa wenye nyumba kabla mgeni hajafika?

DALALI: Hiyo ndiyo kazi, Mwalimu.

(Hapa naingilia kidogo. Dalali amesema kweli zaidi ya alivyokusudia. Watu husema wageni "wanapandisha kodi" kana kwamba kila mmoja amekuja na bei yake mfukoni. Mara nyingi mgeni hajui hata mwenzake wa mlango wa pili analipa nini. Bei inapanda siku ambayo nyumba tatu zimekarabatiwa kwa ajili ya mtu ambaye bado hajafika, na wa nne anaona ni ujinga kubaki na bei ya zamani.)

MZEE WA BIHARAMULO: Mniruhusu, mimi nimeyaona haya yakianza na yakiisha. Mwaka 1994 nilikuwa dereva. Tarehe 28 Aprili watu walianza kuvuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda, na hadi kesho yake walikuwa wamefika kama laki mbili na nusu. Hamjawahi kuona kitu kama kile, na Mungu awaepushe. Wakapelekwa Benaco. Hilo jina linalowachekesha vijana ni la kampuni ya Kiitaliano ya barabara. Palikuwa na kambi yake pale. Waitaliano waliondoka, jina likabaki, leo ni senta ya malori. Kwa hiyo mkisema kambi ya wageni haiachi kitu, inaacha walau jina.

Basi nyuma ya wakimbizi yakaja mashirika. UNHCR, WFP, Msalaba Mwekundu, MSF, CARE, Oxfam, na mengine ambayo fulana zake bado zinalimiwa mashambani. Wakimbizi wakawazidi wenyeji wa wilaya kwa idadi. Na wale wazungu, Wakenya, Waganda, Waethiopia waliokuja kufanya kazi, walihitaji kulala. Ngara ilikuwa mji mdogo. Kila nyumba ya bati yenye sakafu ya saruji ikapandishwa bendera ya shirika na antena ndefu ya redio ya upepo. Kuna mzee mwenzangu alihamia jikoni, jiko la nje la udongo, yeye na mkewe, nyumba kubwa akawapa wageni. Alikuwa anacheka: "Nalala kwenye moshi, naamka na dola." Watumishi wa serikali wakahamishwa kutoka nyumba za watu mmoja baada ya mwingine. Na wengine wao, wauguzi, walimu, wakaacha kazi wakaenda kuajiriwa na mashirika, maana mlinzi wa ghala la shirika alikuwa anamshinda mwalimu mkuu kwa mshahara.

Watu wakajenga. Nani asingejenga? Kisha serikali ikatangaza kwamba Wanyarwanda wawe wamerudi kwao ifikapo tarehe 31 Desemba 1996. Mwezi ule wa kumi na mbili barabara ya Rusumo ilijaa vichwa na vifurushi, watu wakirudi walikotoka. Mashirika mengi nayo yakafunga virago. Waliobaki walikuwa Warundi wa kambi ya Lukole na wachache wa kuwahudumia, na Lukole ikafungwa miaka kama kumi baadaye. Yule mzee mwenzangu akatoka jikoni akarudi nyumba kubwa. Lakini waliokuwa wamejenga kwa mkopo wakilenga dola, hao sijui niwaambieje. Nyumba ya vyumba sita, vyoo vitatu, katikati ya migomba. Wakaanza kuita walimu. "Mwalimu, njoo, tutaelewana."

MAMA MWENYE NYUMBA: Mzee wangu, unanitisha.

MZEE: Sikutishi, mwanangu. Nakuhesabia. Nikeli ya Kabanga, ndiyo hiyo ya Bugarama, inasemwa tangu miaka ya 1970. Wamekuja watafiti, wamekuja Barrick, wamekuja Glencore, leseni yake ya kuhodhi ikafutwa mwaka 2018 pamoja na za wengine. Mwaka 2021 ukasainiwa mkataba mpya, ikazaliwa Tembo Nickel, serikali ina asilimia 16 za bure. Naomba izae, na kwa afya yangu hii naomba izae haraka. Lakini mji umejengwa na kubomolewa matumaini mara ngapi kwa sababu ya kilima kile kile?

Na kwetu Biharamulo tuliona ule mtindo mwingine. Mgodi wa Tulawaka ulichimba dhahabu kuanzia 2005 hadi 2013, halafu ukaingia mikononi mwa STAMICO, shirika la serikali la madini, ukawa Stamigold. Wageni wengi walilala mgodini kwao. Kodi za mjini hazikufanya wazimu wa Ngara ya 1994. Ila pia mama wa mchicha hakumjua hata mmoja wao kwa jina. Mimi nimeendesha gari kwenye mitindo yote miwili, na hakuna hata mmoja ninaoweza kuusifu hapa.

MHANDISI KUTOKA KENYA: Shikamoo mama, shikamoo mzee. Mmenifunza nyinyi, kwetu bara hatuamkiani hivyo sana. Mimi ndiye mgeni mnayemjadili, kwa hivyo naomba nisemwe nikiwepo.

Nimekaa kambini. Wacha niwaambie kambi ni nini. Ni kontena lenye kiyoyozi, kitanda, na dirisha linaloangalia kontena lingine. Kengele ya chakula inalia, unakula na watu wale wale uliokuwa nao kazini, mnaongea yale yale ya kazini. Geti likifungwa jioni, limefungwa. Nilikaa huko nikajua wilaya nzima kwa ramani tu. Nilipopewa ruhusa ya kutafuta nyumba mjini nilifurahi kama mtoto. Sasa naweza kwenda sokoni Jumamosi, nanunua ndizi mkungu mzima kwa bei ambayo Nairobi ningepata vidole vitano. Mtoto wangu anaweza kuja likizo. Mkinirudisha kule, sitakufa, lakini msiseme ni kwa faida yangu.

Ila mama, na wewe nikuulize. Mbona mwaka mzima? Nairobi nalipa kodi kila mwezi, kabla ya tarehe tano, na mwanzoni naweka amana ya mwezi mmoja. Nikihama, nikiwa sijavunja kitu, narudishiwa. Hapa umeniambia miezi kumi na miwili mbele, taslimu. Kibali changu cha ukaazi ni daraja B, kinatolewa kwa muda na kinategemea kazi. Mradi ukisimama mwezi wa tatu, mimi naondoka, na ile miezi tisa?

MAMA MWENYE NYUMBA: Inabaki kwenye ukuta, mwanangu. Fundi keshaila, duka la saruji limekula. Nikudanganye? Benki haikubali kunikopesha kwa ahadi ya mpangaji. SACCOS inataka rejesho kila mwezi. Mwaka wako mmoja ndiyo bati la nyumba ya pili. Hapa kwetu mpangaji ndiye benki ya mwenye nyumba, ndivyo ilivyo toka zamani.

MHANDISI: Na ile elfu moja na mia tano ya kodi ya jengo, mbona nikinunua umeme inakatwa kwangu? Jengo ni langu?

MAMA MWENYE NYUMBA: (anacheka) Hiyo muulize aliyeiweka kwenye LUKU.

MWALIMU: Hapo mimi na mhandisi tuko pamoja. Tangu 2021 kodi ya jengo inakusanywa kwenye umeme, na aliyeshika simu ya kununua umeme ni mpangaji. Kisheria ni deni la mwenye nyumba. Mama, mimi umenilipisha hiyo fedha kwa miaka, bila kunidai.

MAMA MWENYE NYUMBA: Basi nitakupunguzia ukirudi.

MWALIMU: Nirudi na laki mbili na nusu?

(Kwa sauti hiyo ya kicheko mjadala ungeweza kwisha vizuri, kila mtu akaenda kunywa chai. Lakini kuna mtu alikuwa amekaa karibu na mlango, na ndiye aliyebadilisha meza.)

MFANYABIASHARA KUTOKA BURUNDI: Mimi nipo Kabanga, nauza vitenge na mafuta ya mawese. Sitachukua muda wenu. Mnasema mgeni, mgeni. Na mimi ni mgeni niliyehamia nyumba mpya. Hakuna aliyeniuliza kama napenda kambi au mtaa.

Nilikulia Lukole. Pale hatukuwa na ruhusa ya kwenda zaidi ya kilomita nne bila kibali. Dada, wewe unasema kambi ilikuwa na kiyoyozi. Yetu ilikuwa na turubai, na kupanga chumba Ngara mjini lilikuwa kosa. Turubai lilichanika, tukajenga kwa matofali ya udongo. Matofali yalipokuwa yamekauka vizuri, wakatwambia turudi nyumbani. Sasa nina pasipoti, napiga muhuri mpakani, nalipa ushuru. Nilipotafuta chumba, wenye nyumba watatu walinikataa. Mmoja aliniambia wazi: "Kabila letu na lako lugha moja, sina ubaya na wewe. Naogopa operesheni." Alikuwa anakumbuka 2013, ile Operesheni Kimbunga, watu waliokaa huku miaka ishirini waliposombwa na kuvushwa mpaka. Wa nne alinipokea, lakini mjumbe anapita kutazama nani amelala. Kwa dada mhandisi mjumbe amepita mara ngapi?

MHANDISI: Alikuja mara moja. Aliniletea kuku.

MFANYABIASHARA: Basi.

DALALI: Dada, sheria inamtaka mwenye nyumba ajue anampangisha nani. Serikali ya mtaa ina haki ya kujua.

MFANYABIASHARA: Sikatai. Nasema ijue wote.

MWALIMU: Na kuna wa upande mwingine ambao hatujawataja. Kule Bugarama kaya za wenyeji zinapisha mgodi. Wanafidiwa, wanahama mashamba na makaburi ya wazazi wao. Mgeni anachagua pa kuhamia, mwenyeji anaonyeshwa. Tukijadili vigae vya mhandisi na kuwasahau hao tutakuwa tumejadili harusi bila bibi harusi.

MZEE: Sasa unasema vizuri, Mwalimu. Lakini ulianza kwa kusema mgeni afungiwe kambini. Kambi ingemsaidiaje huyu mama wa Kabanga? Kambi ingewasaidiaje wa Bugarama?

MWALIMU: Isingewasaidia. Ingenisaidia mimi.

MZEE: Hilo ni jibu la haki. Lakini sema hivyo.

MWALIMU: Nasema hivyo. Ingenisaidia mimi, na nesi wa Murgwanza, na karani wa mahakama. Hatuna wa kututetea, mzee. Mwenye nyumba ana nyumba, mgeni ana kampuni, mkimbizi alikuwa na UNHCR. Mtumishi wa kawaida aliyepangiwa kazi Ngara kutoka Lindi ana begi na barua ya ajira.

MAMA MWENYE NYUMBA: Na mimi nina watoto. Msinifanye tajiri kwa sababu ya vigae.

Nimewaacha waseme bila kuwakata, sasa ni zamu yangu, na sitajifanya mwamuzi asiye na upande.

Hoja ya kambi naipinga. Nimesikia faida zake na moja ni ya kweli: inazuia kodi kupaa. Lakini inazuia pia kila kitu kingine, kuanzia mkungu wa ndizi wa Jumamosi hadi kujuana. Mji unaokaa na mgodi bila kuwajua watu wa mgodi huishia kuwajua kwa vumbi la malori tu. Na ukitazama vizuri, anayedai kambi hadai kambi. Mwalimu anadai nyumba. Akipewa nyumba ya bei ya mshahara wake, hatajali mhandisi analala wapi.

Mtindo wa kodi ya mwaka mzima nao hauna mtetezi mezani isipokuwa ukata wa mama, na ukata wake si wa uongo. Lakini ndio unaofanya mgeni anayelipiwa na kampuni awe mtamu kuliko nesi. Mtu mwenye mshahara wa mwezi anadaiwa fedha ya mwaka. Atashindwa kila mara, hata kama kwa mwezi wanalingana. Kampuni inayomwekea mtaalamu wake nyumba isikubali kuwa benki ya bure. Isaini mkataba wenyewe, ilipe kwa robo mwaka, iandike notisi ya miezi mitatu kwa pande zote mbili, ikate ile asilimia 10 ya zuio na kuipeleka TRA kama sheria inavyotaka. Ilipe kwa shilingi. Kanuni za Machi 2025 zimekataza kutangaza bei na kulipana kwa fedha za kigeni kwa mambo ya ndani ya nchi, na pango ni jambo la ndani kuliko yote. Dola ya yule mzee wa jikoni ilikuwa tamu, lakini ndiyo iliyowajengea wenzake majumba yasiyo na watu.

Kwa mama mwenye nyumba nina neno moja, nalisema kwa heshima ya migomba iliyokatwa. Apatimenti nne hazihitaji wahandisi wanne. Mbili zikiwa na hita na tenki kubwa, mbili zikabaki za saruji safi na choo cha ndani bila jipsamu, siku mradi ukisimama utakuwa na watu wawili wanaokulipa badala ya milango minne iliyofungwa. Mwalimu wa vipande vipande alikuwepo 1997 wageni walipoondoka. Atakuwepo tena.

Kuhusu mama wa Kabanga, serikali za vijiji na mitaa ziache mtindo wa kupima ugeni kwa gari mtu aliloshukia. Pasipoti iliyogongwa muhuri ni pasipoti. Kama mjumbe anapita kukagua, apite kwa wote, na kuku aendelee kupeleka akipenda.

Na fedha za nyumba za walimu na wauguzi zina mahali pa kuombwa. Sheria ya Madini, baada ya marekebisho ya 2017, inamtaka mwenye leseni kuandaa kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii na kukubaliana na halmashauri husika. Mipango hiyo kwa kawaida hujaa madawati na madarasa, vitu vinavyopigwa picha vizuri siku ya makabidhiano. Madiwani wa Ngara, na ninyi wa Biharamulo wenye Stamigold: mkikaa mezani na mgodi safari ijayo, dawati liwe la pili. Dai la kwanza liwe nyumba za watumishi, zijengwe mjini na kwenye kata ambako mradi unapandisha kodi, hati ziwe za halmashauri tangu siku ya kwanza, kodi yake ipangwe kwa ngazi ya mshahara wa serikali. Mwenye leseni akiuliza mnazitaka za nini, mwambieni wataalamu wake wamezichukua zilizokuwepo.